Mwalimu wa Wasiokuja

Wenzangu ofisini waliniita mwalimu wa wasiokuja. Wao walifundisha watoto waliokaa mbele yao, na mimi, juu ya vipindi vyangu vya Kiswahili, nilikabidhiwa wale ambao nafasi zao kwenye madawati zilikuwa wazi. Kwa jina rasmi kazi hiyo ni mwalimu wa mahudhurio. Kila shule ya msingi inaye, na kwa kawaida ni yule ambaye siku ya kugawa majukumu alichelewa kwenye kikao.

Nieleze kidogo, maana wazazi wengi hudhani mtoto asipokuja shuleni hakuna anayejua. Tunajua. Asubuhi kila mwalimu wa darasa anaita majina. Kabla ya mapumziko ananiletea idadi: waliopo, wagonjwa, wenye ruhusa, watoro. Mimi najumlisha na kuituma kwa simu kwa afisa elimu wa kata, naye anaipeleka wilayani. Ikifika mchana, mtu aliye mbali kabisa na kata yetu ya Kamuli, ambaye hajawahi kukanyaga tope letu, anajua kwamba darasa la nne leo lina mapengo. Asichojua ni kwa nini. Walimu wapya nikiwafundisha kazi hii huwaambia hivi: mtoto asiyekuja ana sababu, na sababu hiyo inakaa kwenye nyumba fulani, kwa hiyo nendeni kwenye hiyo nyumba. Huitikia vizuri sana. Baadaye huniuliza kama kuna usafiri.

Hakuna usafiri. Nimetembea vitongoji vyote vya kata hii, nikipita kwenye vibanja, mashamba ya watu yanayozunguka nyumba zao, chini ya migomba, juu ya majani yaliyotandazwa yanayoficha visiki. Nimezaliwa Kituntu, nimekulia kwenye kibanja kama hivyo, lakini magoti yangu sasa yamesahau. Msimu wa kahawa ndio mbaya zaidi. Kahawa inapoiva, watoto wanapungua darasani siku hadi siku, na wanaokuja wana vidole vyenye utomvu vinavyonata kwenye karatasi. Siwalaumu wazazi. Kahawa haisubiri, na mkono wa mtoto unafika kwenye tawi la chini bila kuinama.

Msimu ninaoukumbuka kuliko mingine ni ule wa binti mmoja wa darasa la saba. Familia yake ilikuwa ya vibarua. Bibi na babu yake walivuka kutoka Burundi mama yake akiwa bado anabebwa mgongoni, na tangu hapo wamelima mashamba ya watu, wakihama kazi inapohamia. Walikaa kwenye chumba kimoja mwishoni mwa kibanja cha familia moja ya wakulima, karibu na shule. Baba hakuwepo, na sikuuliza. Kulikuwa na mtoto mchanga, na mama alipokwenda kuchuma kahawa kwa watu, mchanga huyo alibaki kwa dada yake. Siku nyingine binti alikuja naye darasani. Alimkalisha miguuni, akampa kifuniko cha kalamu atafune, akaendelea na hesabu zake. Mwalimu wa hesabu alikuwa akinitolea taarifa kwa sauti ya kuchoka, "Darasa la saba leo wanafunzi wote wapo, na nusu."

Alikuwa mzuri wa hesabu, yule binti. Hakuwa wa kwanza, ila alikuwa na tabia ya kurudi kwenye swali alilokosa na kulisumbua mpaka likubali.

Kisha akaacha kuja. Siku za kwanza niliandika ruhusa, nikijua ni kahawa. Nilipanga kwenda kwao Jumamosi. Lakini wiki hiyohiyo kulikuwa na kikao cha kata, na mahudhurio ya shule zote yakasomwa kwa sauti mbele ya watu. Yetu yalikuwa karibu na mkia. Mwalimu mkuu alirudi amenuna, akachukua majina ya wote wasiokuja, hata niliowaandikia ruhusa, akayapeleka mwenyewe kwa mtendaji wa kata ili wazazi waitwe. Alikuwa ndani ya haki yake. Utaratibu ndio huo.

Hapa lazima nifafanue jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulifikiria. Ofisi ya mtendaji ilikuwa na karatasi ya wito ya aina moja tu. Ukigombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba, unaitwa kwa karatasi hiyo. Mbuzi wako akila maharage ya mtu, karatasi hiyohiyo. Mtoto wako asipokwenda shule, hiyohiyo. Inasema ufike bila kukosa, siku fulani, na kitambulisho chako. Ina muhuri. Sababu ya kuitwa huwa inajazwa kwa kalamu chini kabisa, kama aliyejaza hana haraka. Mgambo anayeipeleka huwa hasomi yote, anasimama mlangoni, anasema unaitwa, anaondoka kwa sababu ana nyingine za kugawa.

Jumamosi nikaenda kama nilivyopanga. Mlango wa chumba chao ulikuwa wazi, na ndani hakukuwa na kitu isipokuwa mafiga matatu na majivu. Mama mwenye kibanja alikuwa anamenya ndizi nje ya jiko lake. Hakusimama.

"Umechelewa, mwalimu," akasema. "Wameondoka jana asubuhi. Sijamaliza kuwasha moto, godoro liko kichwani."

"Wameondoka kwenda wapi?"

"Si mmewaita?"

"Tumemwita kwa sababu ya mtoto, mama. Shule tu."

"Hilo unaniambia mimi leo. Mgambo alisema afike na kitambulisho. Kitambulisho anakitoa wapi yule?" Akatupa ganda. "Amezaa hapa, amezika mama yake hapa, lakini karatasi hana. Mwenzake mwaka ule aliitwa hivihivi, akaenda, mpaka leo hatujui anachuma kahawa ya nani."

Nikakaa kwenye kigogo. Kwetu huku, mtu mwenye jina la asili ya ng'ambo akisikia neno kitambulisho kutoka kwa mgambo, habari ya mahudhurio haimwingii kichwani. Anafunga godoro. Mama wa binti alikuwa ameelewa vizuri sana kila alichoambiwa, na alikuwa amefanya ambacho mtu yeyote wa hali yake angefanya.

Nilimwuliza yule mama mara tatu walikoelekea. Mara ya kwanza alisema hajui. Mara ya pili alisema ana kazi. Nikaacha Kiswahili, nikamwambia kwa Kinyambo, lugha ya kwetu, kwamba jina la binti limeshapelekwa kwenye mtihani wa darasa la saba kupitia shule yetu, kwamba hawezi kuufanyia shule nyingine yoyote, na kwamba siku hiyo ikipita amekwisha. Akamenya ndizi mbili zaidi. "Ana shangazi kule Nyakakika," akasema. "Wanachumia kahawa kwa kikongwe mmoja wa Kilutheri. Hukuambiwa na mimi."

Jumatatu mwalimu mkuu aliniambia nimwandike mtoro tumalize.

"Nipe muda nimfuate," nikasema.

"Nyakakika? Hiyo ni wilaya nyingine, mwalimu. Wewe una miguu mingapi?"

"Miwili, na yote inauma."

Akacheka, akanipa Ijumaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kama mimi, tofauti ni kwamba yeye alichokea kwenye kiti.

Ijumaa nilipanda gari hadi Omurushaka, nikachukua pikipiki. Dereva alikuwa kijana mwenye maneno, aliniuliza kama nakwenda msibani, kwa jinsi nilivyokaa. Tulipoteza njia, tukarudi, tukauliza, tukaelekezwa kwa kikongwe ambaye siye, tukakaribishwa, tukaaga. Vumbi jekundu lilikuwa limenijaa masikioni. Kwenye mteremko mmoja dereva aliniomba nishuke nitembee, nami nikatembea nikijiuliza, kama ninavyojiuliza mara nyingi, ni nani hasa aliyenituma.

Kikongwe mwenyewe tulimkuta uani, amekaa kwenye mkeka pembeni ya kahawa iliyoanikwa, akifukuza kuku kwa fimbo bila kuwatazama. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa serikali?"

"Mimi ni mwalimu, bibi. Kutoka Kamuli."

"Ndiyo nasema. Siku hizi serikali imeishiwa magari, inawatuma na vumbi?" Akacheka peke yake, meno mawili. "Kaa. Hata kama umekuja kunifunga, utakaa kwanza."

Akaagiza akamwani. Hiyo ni kahawa iliyochemshwa na majani ya kunukia, ikakaushwa, ya kutafuna. Mgeni anapewa punje chache kiganjani, na mpaka azitafune haongelei kilichomleta. Ukianza na shida yako kabla ya akamwani, umewaambia wenyeji kwamba umekuja kwa ugomvi. Nilijua hilo tangu utoto, na bado siku ile ilinigharimu kukaa kimya, maana nilikuwa nimeshaona, nyuma ya jiko, sketi ya bluu ya shule yetu ikikauka kwenye kamba. Nikatafuna. Tukaongea mvua. Tukaongea ugonjwa wa migomba. Nikamwambia kwetu ni Kituntu, akaniuliza ukoo gani, nikamtajia, akasema aliwahi kumfahamu mtu wa ukoo huo na hakumpenda.

Binti akatokea shambani na kikapu cha kahawa kichwani, mdogo wake mgongoni. Aliponiona alikishusha kikapu polepole, akapiga goti. "Shikamoo mwalimu." Hakuniangalia usoni. Nyuma yake mama yake alisimama kati ya migomba, akabaki hapohapo. Sikumwita. Nilimsalimia kwa mbali, akaitikia kwa mbali, na mazungumzo yetu yote yakawa hivyo, uwanja mzima katikati yetu na kikongwe kama mwamuzi.

"Wamekutuma unirudishe?" mama akauliza.

"Hapana. Nimekuja kuhusu mtihani wa binti."

"Barua inasema kitambulisho."

"Barua zote za pale zinasema hivyo, mdogo wangu. Hata mimi nikiitwa kwa mbuzi itasema hivyo." Nikamweleza taratibu, kama ninavyoeleza darasani, tangu mwanzo: jinsi majina yanavyoitwa, jinsi asiyekuja anavyoripotiwa, jinsi mwalimu mkuu alivyokwenda kwa mtendaji, jinsi ile karatasi ilivyo moja kwa mambo yote. Nikamweleza kwamba jina la binti limefungwa kwenye shule yetu. Hakuna mahali huko Nyakakika atakapoketi kuandika mtihani huo. Nikarudia pale ambapo niliona hajaelewa. Binti alikuwa amekaa chini akichambua kahawa, mikono ikienda haraka kuliko kazi ilivyohitaji.

"Unaongea vizuri," mama akasema. "Mgambo naye aliongea kidogo tu, na yeye ndiye aliyekuja na muhuri."

"Amekushinda hapo," kikongwe akasema.

Kwa kweli alikuwa amenishinda. Nikatoa simu, nikampigia mtendaji wa kata, nikaweka sauti ya nje. Nilimkuta yuko mezani, tulisikia sahani. Nikamwambia niko na mzazi fulani, na ninaomba amweleze mwenyewe alichomwitia.

"Mzazi yupi? Wa mbuzi?"

"Wa shule. Darasa la saba."

"Aah. Mama, habari za huko? Mama, sikia, mimi na wewe hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni hayo mahudhurio, yananinyima usingizi. Mlete mtoto afanye mtihani, hiyo barua washia moto." Kisha, akidhani nimekata, akamwambia mtu aliyekuwa naye, "Huyu mwalimu kafika mpaka Nyakakika, sijui analipwa na nani."

Kikongwe alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Alishika jani la mgomba, akalichana vipandevipande kwa kidole.

"Nimesikia," akasema mwishoni. Basi. Hakusema atamleta. Hakusema hatamleta. Nikamwambia siku za mtihani, nikamwambia binti asiache kurudia sehemu, asilimia na majira ya nukta kwenye grafu, nikaaga. Binti alinisindikiza hadi barabarani, akabeba mkoba wangu ingawa haukuwa na uzito wowote.

"Mwalimu," akasema, "asilimia nazielewa. Ni majira ya nukta."

"Rudia mifano ya kitabuni."

"Kitabu kimebaki Kamuli. Mama alisema tusibebe vizito."

Nikamwandikia mifano miwili nyuma ya karatasi ya dawa iliyokuwa kwenye mkoba wangu, tukisimama, dereva akipiga honi. Nilirudi nyumbani giza likiingia, peke yangu. Jumatatu nilimwambia mwalimu mkuu kwamba sijui. Akaniangalia, akasema, "Umeenda mpaka kule urudi na sijui?" Ndivyo ilivyokuwa, sikuwa na kingine nilichorudi nacho.

Wiki zilizofuata nilikaribia kukata tamaa kwa namna ile isiyo na kelele, ambayo mtu anaendelea kufanya kazi zake zote. Nilijumlisha mahudhurio. Nilikwenda nyumba nyingine, kwa watoto wengine. Kila asubuhi mwalimu wa darasa la saba aliita jina lake, na darasa zima likajibu, "Hayupo," kwa sauti ya kuzoea.

Siku ya mtihani shule si yetu. Watu wengi hawalijui hili. Wasimamizi wanatoka shule nyingine, na walimu wa shule hatukaribii madarasa kabisa, hata mwalimu mkuu anakaa mbali akijipepea. Na kuna askari. Anakuja na mitihani, ana bunduki, anasimama karibu na mlango wa kuingilia mpaka karatasi zitakapofungwa. Yupo kwa ajili ya zile bahasha. Nilikuwa nimemweleza yule mama kila kitu, tangu kuitwa majina hadi muhuri, na askari nikamsahau.

Nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha mikaratusi, nilipowaona wanakuja kutoka upande wa dukani. Mama mbele, mchanga mgongoni, binti nyuma akiwa na sketi ya bluu iliyopigwa pasi ya mkaa mpaka ikang'aa. Walikuwa wamelala kwa yule mama mwenye kibanja, baadaye ndipo nikajua. Walipofika karibu na lango mama akamwona askari. Alisimama. Hakupiga kelele wala kukimbia, aligeuka tu, mkono wake ukamshika binti juu ya kiwiko, wakaanza kurudi walikotoka, kwa mwendo wa watu waliokumbuka kwamba wamesahau kitu nyumbani.

Nilivuka barabara kwa haraka ambayo magoti yangu hayajanisamehe. "Yule analinda karatasi," nikasema. "Hana habari na watu. Kila shule leo ina wake."

"Ana bunduki, mwalimu."

"Anayo. Akiulizwa, ataulizwa karatasi."

"Na akiniuliza mimi?"

"Wewe huingii. Wala mimi siruhusiwi kuingia. Tutakaa pale kwenye miti, wewe na mimi."

Ndani kengele ilikuwa imeshapigwa, watoto wanapangwa mstari wakipekuliwa mifuko. Mama hakuuachia mkono wa binti. Nilikuwa nimeeleza mengi kule Nyakakika, na pale barabarani nikabaki nahema.

Binti ndiye aliyejitoa. Alifanya hivyo kwa adabu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetoa mwiba kwenye nguo ya mwingine. "Mama, nakuja sasa hivi," akasema, utadhani anatumwa chumvi. Akaelekea langoni. Alipomfikia askari akapiga goti.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wahi, wahi, wenzako wameshaingia!"

Akakimbia.

Tulikaa chini ya ile miti, mama yake na mimi, siku hiyo na kesho yake. Alimnyonyesha mtoto, macho yake yakiwa kwa yule askari, na askari alipobadilisha mguu wa kusimamia, yeye aliacha kupumua. Mchana nilimletea uji kutoka kwa mama lishe wa karibu, akanywa nusu, nusu akamwekea binti. Aliniuliza kama akifaulu atakwenda shule ya mbali. Nikamwambia ipo ya kata. Akauliza kama huko nako wanaita majina kila asubuhi. Nikasema ndiyo, kila mahali. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa taarifa ya mvua.

Siku ya pili, somo la mwisho lilipokwisha, watoto walitoka wakirusha kalamu juu. Binti alitoka kati ya wa mwisho, akatembea bila haraka, akavuka barabara. Kabla hajasema neno mama yake alikuwa ameshafungua kanga, na yeye ameshainama kumpokea mdogo wake mgongoni. Walikuwa na pikipiki ya kuwahi Omurushaka. Kikongwe alikuwa amewapa siku hizo mbili tu, na kahawa ilikuwa inadondoka.

"Majira ya nukta yalikuja?" nikauliza.

"Yalikuja." Akafunga fundo la kanga kifuani, akalivuta kulijaribu. "Nilikosa mara ya kwanza, nikafuta, nikarudia."